Barua Kumi na Moja za Njuki

Kibugu, Embu
7 Februari 1999

Mwanangu Kawira,

Nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu. Sisi ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako mdogo Veronicah anakusalimu, goti lake moja linamtii kila siku, la pili siku za jua tu. Baridi ya Januari imepunguza majani ya chai, lakini yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Msalimie mama yako Kaari. Mwambie kwamba... hapana, msalimie tu.

Daktari wa Embu ameniambia moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi na hauna nguvu ya kujisukuma. Nilimuuliza nina muda gani. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikaelewa.

Sasa jambo lenyewe. Muchangi, kitinda mimba wangu, ameniletea kompyuta kuukuu kutoka ofisini kwake Nairobi, pamoja na kile kisanduku cha modemu cha kuiunganisha na simu. Waya wa simu tunao tangu ulipopitishwa kwenda kiwanda cha majani. Nimejifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, na nimeshaandika mengi.

Ninachotaka ni hiki. Karatasi za ukoo wetu zilizokuwa sandukuni zimeliwa na mchwa robo nzima: vyeti vya ubatizo, majina ya wazee hadi kizazi cha saba, habari za nani alioa wapi. Nataka kuziandika zote humu, mashine ikae hapa nyumbani, na ninyi mlio mbali mpige simu kwa kompyuta zenu mchukue mnachotaka bila kuniuliza, hata nikiwa sipo. Disketi sizitaki. Mbili zimeota ukungu kama mkate. Muchangi anasema inawezekana, lakini anaeleza kama mtu anayeshuka kwenye gari linalotembea. Wewe unafundisha kompyuta hapo chuoni na umezoea wanafunzi wazito.

Niandikie hatua kwa hatua. Usinipigie. Nikiweka simu sikioni nasikia nyuki tu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Nthiga


Nkubu, Meru
21 Februari 1999

Baba Mdogo mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa kulia kwa ajili ya daktari, mara ya pili kwa kucheka kwa ajili ya mkate. Sisi tuko. Ndizi ni nyingi mwaka huu hadi tunawapa mbuzi. Mwanangu Kinoti amepata kazi ya ualimu upande wa Tigania.

Mama hajambo. Nilipomsomea salamu zako alisema "Mm," akaenda kukata majani. Unamjua. Kwake Kibugu ni mahali palipomletea barua tatu za baba Njuki kutoka kizuizini, halafu kimya cha miaka arobaini. Wewe hakulaumu. Husema ulimsomea zote tatu kwa upole, na mwenye kosa ni yule aliyeacha kuandika. Basi ile "Mm" isikuumize.

Tuje kwenye mashine. Kompyuta inayokaa mahali pamoja ikiwahudumia wengine tunaiita seva, na hakuna sheria inayosema seva haiwezi kukaa Kibugu karibu na zizi. Kwanza, tengeneza folda uiite UKOO, uweke humo karatasi za ukoo. Pili, iguse kwa kipanya, ubonyeze kitufe cha kulia, uchague mstari unaosema Sharing, kisha uweke neno la siri. Mashine itakudai ile sidii aliyokuachia Muchangi, ipe, isikutishe. Ukimaliza utaona picha ya mkono chini ya folda. Ukiuona mkono, folda iko tayari na neno la siri ndilo kufuli lake. Tatu, fungua ile sehemu ya kupokea simu na uiruhusu ipokee. Usisahau kuniandikia neno la siri.

Halafu iache ikiwaka Jumapili alasiri, wakati simu ni nafuu, mimi nitapiga kutoka chuoni. Mtu yeyote asiinue mkono wa simu.

Pole pole, Baba Mdogo. Hata mimi mara ya kwanza mashine iliposema nibonyeze kitufe chochote, nilitafuta kilichoandikwa "chochote".

Mwanao,
Kawira


Kibugu
14 Machi 1999

Mwanangu Kawira,

Salamu nyingi. Mvua imeanza na inapiga bati kama mwalimu mbaya. Hongera kwa Kinoti. Mwambie chaki huliwa na mapafu, asimame mbali na ubao. Veronicah ameponda mukimo wa viazi na maharagwe meusi ya njahi, nikala vijiko viwili, akasema hata ndama anakula zaidi.

Nimefanya ulivyosema na imenichukua siku kumi na moja. Mashine ilipodai sidii niliipa disketi. Ikadai tena. Nikaipa disketi ya pili. Baadaye ndipo niliposoma tena barua yako. Siku ya jaribio, Muchangi alipopiga kutoka ofisini kwake, Veronicah alifika kwenye simu kabla ya mashine.

"Haloo? Haloo?" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kuna mtu amekanyaga mbuzi."

"Weka chini, ni kompyuta ya Muchangi."

"Basi iulize kama imekula."

Sasa amefundishwa, na mashine inapokea vizuri. Mkono nimeuona. Nimeuweka chini ya UKOO, na chini ya folda nyingine moja ambayo inahitaji ulinzi kuliko hiyo. Yenyewe ni ya kufunguliwa baadaye, nikishaondoka. Neno la siri ni jina la bibi yetu aliyetulea. Nimelitumia kila mahali ili nisije nikalisahau.

Piga Jumapili tarehe 28, saa tisa. Anza na kizazi cha nne, nimekipata kizuri.

Nthiga


Nkubu
29 Machi 1999

Baba Mdogo,

Nisamehe, leo sina salamu. Sitaki mama anione nikiandika.

Nilipiga jana saa tisa. Mashine yako ilipokea mara moja. Nilitarajia folda moja, nikakuta mbili, UKOO na NJUKI. Nilidhani NJUKI ni habari za kuzaliwa kwa baba. Nikaipa neno la siri la bibi, ikafunguka.

Ndani kuna mafaili yaliyopewa namba, moja hadi kumi na moja. Nikafungua la kwanza. "Kambini Manyani, Oktoba 1955. Mpendwa mke wangu Kaari." Hii naijua, mama huikariri hadi leo, ile ya blanketi. La pili nalijua. La tatu nalijua.

Nikafungua la nne.

"Kaari, hii ni ya nne, na sijapata neno kutoka kwako. Kawira ameota meno mangapi?"

Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kufunga chuo. Baba Mdogo, mama alisomewa barua tatu. Zilikuwa ngapi? Hizi umezitoa wapi? Nani alikuwa nazo?

Nijibu upesi.

Kawira


Nkubu
25 Aprili 1999

Baba Mdogo,

Wiki nne. Nimepiga Jumapili tatu mfululizo na mashine yako haipokei. Jumapili iliyopita alipokea Veronicah. Nikamsikia akisema, "Amesema niseme amelala." Sikumlaumu.

Kama umezima mashine ili nisisome, umechelewa. Siku ile ile niliyanakili yote kwenye kompyuta ya chuo, na disketi ninayo mkobani. Ya sita anasema wamemvunja kidole kwa kazi ya mawe lakini bado anaweza kushika mwiko wa fundi. Ya saba bado anauliza kama nimeanza kutembea, na mimi wakati huo nilikuwa na miaka minne. Hakuna aliyemwambia.

Mama anaona siko sawa. Jana aliniuliza, "Kuna nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi kula."

Sijamwambia. Nakungoja wewe kwanza.

Kawira


Kibugu
9 Mei 1999

Mwanangu Kawira,

Nakusalimu, na ninajua huitaki salamu yangu. Nilikuwa hospitali siku tisa. Maji yalijaa miguuni. Lakini siku nyingine zote nilikuwa hapa nikiitazama barua yako. Mashine niliizima mimi, kwa mkono wangu, nilipoisoma ya Machi. Nilianguka kwenye kiti. Veronicah alidhani ni moyo.

Nikueleze kwanza kosa la mashine, kwa sababu hilo ndilo jepesi. Uliniandikia kwamba nikiuona mkono, kufuli limeshika. Nikaitazama ile picha, mkono umekaa chini ya folda. Kwetu mtu akikuachia kitu cha thamani unakipokea kwa viganja viwili, na kuanzia hapo hakuna wa kukigusa ila kwa ruhusa yako. Nikasema moyoni, hata waliotengeneza mashine hii wanajua. Folda isiyo na mkono niliiona kama mzigo ulioachwa njiani. Kwa hiyo ile niliyotaka ifichike kuliko zote ndiyo niliyoiwekea mkono. Sikujua kwamba mkono maana yake ni "karibuni". Na neno la siri nilikuwa nimekupa mwenyewe.

Nilikusudia mzisome nikiwa kaburini. Huo ndio ukweli, nao si wa kujivunia.

Zilikuwa kwangu, Kawira. Kambini walitaka barua ziandikwe Kiswahili ili wakaguzi wazisome, na anwani yenye uhakika ilikuwa sanduku la posta la shule yangu. Mama yako alikuwa amerudi kwa baba yake Nkubu baada ya nyumba yao kuchomwa. Mimi nilikuwa nizipokee, yeye aje, nimsomee, niandike majibu yake. Tulifanya hivyo mara tatu.

Ya nne ilipokuja, mwaka 1957, chifu aliniita. Jina lake nimelizika naye. Aliiweka mezani, imefunguliwa tayari.

"Mwalimu, sanduku la shule limekuwa la wafungwa?"

Nikasema ni ndugu yangu.

"Najua ni ndugu yako. Ndiyo maana nakuuliza kwa heshima."

Walimu wawili wa misheni walikuwa wameshachukuliwa mwezi ule. Niliiweka ya nne mfukoni nikajiambia nitampa Kaari mambo yakitulia. Ya tano ikaja kabla hayajatulia. Ukishaificha moja, ya pili hufichwa na ya kwanza.

Mama yako alikuja shuleni kwa miguu mara mbili akiwa amekubeba. Mara ya pili alisimama kwenye veranda, watoto wanasoma.

"Mwalimu, leo?"

"Hakuna, mama Kawira."

"Hata ya matusi?"

"Hata hiyo."

Ya tano ilikuwa kwenye koti nililolivaa.

Nimechoka. Veronicah anasema niache kalamu. Umejua sasa.

Nthiga


Nkubu
23 Mei 1999

Mwalimu Nthiga,

Pole kwa miguu. Sisi ni wazima.

Unasema nimejua sasa. Sijajua. Mimi ni mtu wa mafaili, Mwalimu, na nimeyatazama yako tena moja moja.

Faili la kumi, Aprili 1960, lina mistari mitatu tu. "Kaari, nimepata barua yako. Nimekuelewa. Sitakuja."

Barua gani?

Mama yangu hajui kuandika. Hata kadi ya kura huweka kidole gumba. Mara tatu za mwanzo wewe ndiye uliyemwandikia, naye anakumbuka kila neno aliloliagiza. Hakuna alilowahi kuagiza ambalo jibu lake ni "sitakuja". Nilimuuliza kwa kuzunguka, tukimenya ndizi. "Mama, uliwahi kumwambia baba asije?" Aliniangalia kama nimemtukana.

Na faili la kumi na moja lina jina lakini halina kitu. Sifuri. Mashine inaonyesha ulilifungua Januari 16, ukalihifadhi tupu. Mtu hatengenezi faili la kitu kisichokuwepo.

Iandike ile barua ya 1960, uliyomwandikia baba kwa jina la mama. Unaikumbuka. Mtu aliyeweza kuandika kizazi cha saba hasahau mistari michache. Iandike neno kwa neno nimsomee mwenyewe. Na uniletee ya kumi na moja.

Usiniandikie habari za moyo wako mpaka ufanye hivyo.

Kawira


Kibugu
20 Juni 1999

Mwanangu Kawira,

Ndama ameanza kula nyasi. Veronicah yuko kanisani, nimesubiri aondoke. Nimemwambia yote Jumatano. Tumeoana miaka arobaini na sita na hakuwahi kulala chumba kingine. Sasa analala chumba cha Muchangi, kitanda kile cha wageni. Chakula ananiletea, anakiweka, anaondoka.

Mwanzo wa 1960 ilikuja karatasi kutoka serikalini. Njuki angeachiliwa kama kuna mtu wa nyumbani wa kutia saini kwamba anampokea. Nilikwenda kwa chifu na kalamu yangu. Alisema, "Tia. Lakini ukuu wa shule uusahau." Nilikuwa nitangaziwe mwezi wa Mei. Na mwaka ule ule walikuwa wanapima mashamba huku. Mtu aliyekuwepo alisimama kwenye shamba lake, likaandikwa. Asiyekuwepo alisimamiwa na ndugu yake.

Nilirudi na karatasi bila saini. Lakini nilimjua Njuki. Angeachiliwa siku moja kwa njia nyingine, naye angekuja kwa sababu ya Kaari na kwa sababu yako. Ilibidi asiwe na sababu. Ndipo nikaandika. Nakuandikia hapa ilivyokuwa. Sijawahi kusahau hata mkato.

"Njuki. Mimi ni mzima. Nimechoka kungoja. Baba yangu ameniozesha kwa mtu wa hapa Nkubu, na mtoto anamwita baba. Wakikufungulia usije Kibugu wala Nkubu, utaniletea aibu. Nyumba yako ilichomwa na hakuna aliyekuwekea mahali. Tafuta kwako kwingine. Ni mimi Kaari."

Nilitumia mwandiko wangu wa kawaida, ule ule wa barua zake tatu, ili asishuku.

Mei nikawa mwalimu mkuu. Oktoba shamba lake likaunganishwa na langu. Nyumba hii iko upande wake. Mashine hii unayoipigia iko juu ya udongo wa baba yako, na chai tuliyomsomeshea Muchangi ni ya baba yako. Miaka ile kumi na minane niliyokulipia karo nilitaka uniite mtu mwema. Uliniita. Sikuweza kuitikia bila kutazama chini.

Ya kumi na moja naitia ndani ya bahasha hii, yenyewe, sio nakala. Nilijaribu kuiandika kwenye mashine Januari. Nilifungua faili, nikaliwekea namba, nikashindwa kugonga herufi ya kwanza. Sasa nimeiandika. Mashine nimeiwasha tena na itabaki ikiwaka, nawe ukipiga utalikuta faili limejaa. Lakini hutaki faili. Utataka kuishika.

Ina anwani. Sikuwahi kujua kama yuko hai. Ningeweza kujua. Stempu tu.

Nthiga


Nkubu
15 Agosti 1999

Mwalimu Nthiga,

Mvua hapa imekatika na tumevuna maharagwe. Nimekaa siku kumi na moja bila kujua nianzie wapi, basi nitaanza na mama.

Nilimsomea barua yako ya uongo nje, kwenye kivuli cha ghala la mahindi. Nilipofika kwenye "ameniozesha" alinishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Ati mimi nina mume? Wa hapa Nkubu?" Akacheka, Mwalimu. Alicheka hadi akakohoa, nikampigapiga mgongo. "Na anaitwaje? Si wangenionyesha hata siku moja anisaidie kuchimba viazi!"

Kisha akaniachia mkono. Akauliza jambo moja tu. "Aliamini?"

Nikamsomea ya kumi na moja. Unaijua, lakini nitaiandika hapa, uione kwa mwandiko wangu.

"Taveta, Juni 1961. Ndugu yangu Nthiga, nimefunguliwa na nimepata kazi ya uashi kwenye shamba la mkonge. Sitamsumbua Kaari. Mwanzoni sikuamini. Nilisema labda amekasirika, mwenye hasira husema lolote. Lakini mwandiko ulikuwa wako, na wewe huwezi kuandika uongo kwa mkono wako, ungemkataza kwanza. Kwa hiyo nikaamini. Asante kwa kuwa naye karibu. Mwangalie mtoto. Kama shamba langu lipo, lilime wewe. Ni mimi Njuki."

Mama aliomba karatasi. Hajui kusoma, lakini aliishika kama dakika kumi, akiigeuza. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

"Taveta ni wapi?"

Nikamwambia ni mbali, upande wa Tanzania, na kwamba imepita miaka thelathini na minane.

"Sikukuuliza imepita miaka mingapi."

Tulikwenda. Siku mbili njiani. Kwenye ofisi ya lile shamba hakuna aliyejua, lakini fundi mmoja mzee sokoni alisema, "Mzee Njuki wa matangi? Yuko kule kwenye mifereji." Mwalimu, yuko hai. Ana miaka sabini na sita. Alioa huko, mke alifariki, ana wavulana wawili waashi kama yeye. Kidole chake kimoja cha mkono wa kulia kimepinda.

Alikuwa ameketi kwenye tofali akinoa mwiko. Mama alisimama mbele yake. Baba alimtazama muda mrefu. Nilidhani hajamtambua. Kisha akasimama taratibu, akavua kofia, akasema kwa adabu, kama mtu anayeongea na mke wa mwenzake:

"Kaari. Mume wako amekuruhusu kuja?"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho maishani. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo nimweleze, mama akanizuia kwa kiwiko.

"Sina mume mwingine," akamwambia. "Sikuwahi kuwa naye."

"Lakini uliniandikia."

"Mimi? Nilijifunza lini?"

Njuki akanigeukia, akanitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokiacha. Akauliza, "Nthiga yuko? Yeye ataeleza. Nthiga ndiye aliyeandika, atakuwa anakumbuka palitokea nini." Mwalimu, bado anakuamini. Anadhani ulidanganywa na mtu. Aliniuliza kama bado unafundisha. Aliniuliza kama unakula vizuri.

Usiku ule, nyumbani kwa mwanawe, nilimwambia mama kwamba kesho nitamwambia baba yote. Alisema, "Hapana. Ukisema wewe, atasema mtoto amechochewa. Nikisema mimi, atasema nina uchungu. Aliamini mwandiko. Mwenye mwandiko aandike."

Baba anakuja Kibugu. Amesema anataka kukuona kabla hujaondoka. Ataanza safari mwishoni mwa Septemba, akimaliza tangi analojenga. Sitamwacha afike hapo akukumbatie bila kujua. Andika kwa mkono, sio kwa mashine. Nitampelekea mimi mwenyewe.

Kawira


Kibugu
29 Agosti 1999

Mwanangu Kawira,

Salamu naziruka. Nilipofika kwenye "Yuko hai" nilimwita Veronicah kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Juni aliketi karibu nami. Nilimpa barua yako. Alipofika kwenye swali la Njuki, lile la mume, alifunika uso kwa leso. Aliniambia, "Andika sasa, kabla mkono haujakufa." Amenishikia ubao wa kuandikia magotini.

Hati ya shamba Muchangi ameipeleka kwa wakili Embu igawanywe ilivyokuwa. Alinuna, kisha akaenda.

Hii hapa ni ya baba yako. Isome kwanza wewe, kisha mama yako, kisha uipeleke.

Nthiga

* * *

Kibugu
29 Agosti 1999

Ndugu yangu Njuki,

Nakusalimu. Mimi ni Nthiga, naandika mwenyewe, herufi zinayumba kwa sababu ya ugonjwa lakini utazitambua. Veronicah ni mzima. Dada zetu wote wawili walifariki, wa mwisho 1991. Mto umepungua maji, lakini ile sehemu tulipoogelea bado ina kina.

Barua uliyoipata Machi 1960 haikutoka kwa Kaari. Hakuiagiza, hakuijua, hakuisikia hadi mwezi wa Julai mwaka huu. Niliitunga mimi. Hakuna aliyenidanganya na hakuna aliyenilazimisha. Kaari hakuolewa. Mtoto hakumwita mtu mwingine baba. Barua zako saba za kwake sikumpa, na ile ya Taveta nikaificha. Alipokuja kuziuliza nilimwambia hazipo. Karatasi ya kukupokea nilikataa kuitia saini. Nilitaka ukuu wa shule nikaupata, na shamba lako nikalichukua, na nikajenga juu yake.

Uliandika kwamba siwezi kuandika uongo kwa mkono wangu. Niliweza. Nimeisoma sentensi hiyo kila mwaka tangu 1961.

Kawira ameniambia unataka kuja kuniona. Sasa umejua unakuja kumwona nani. Ukibadili nia, sitauliza kwa nini. Ukija, usisimame langoni ukibisha kama mgeni, ni kwako. Na ukifika ukawa hutaki kuingia nilimo, tuma neno tu. Nitabebwa juu ya kiti changu hadi nje, nikae mbele yako, useme.

Nduguyo,
Nthiga